Kabureta Haifi kwa Uzee

Katika ukanda wa pwani unaoanzia Bunju, ukapita Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, kisha ukavuka mto Ruvu kuelekea Makurunge, kuna hukumu moja inayotolewa haraka kuliko hukumu ya mahakama yoyote. Mtu anampelekea fundi chenso, yaani msumeno wa mnyororo, iliyokaa stoo kwa miaka. Fundi anavuta kamba mara tatu, nne, mashine kimya. "Hii imekufa, mzee. Kabureta imezeeka." Hakuna skrubu iliyofunguliwa wala plagi iliyochomolewa. Mwenye mali anaitikia, maana kauli hiyo ameizoea, na kabla wiki haijaisha msumeno umepandishwa kwenye mizani ya vyuma chakavu pamoja na sufuria zilizotoboka, nondo zilizopinda na rimu ya baiskeli. Analipwa kwa kilo.

Hukumu hiyo haina ushahidi. Kabureta ya msumeno wa mnyororo ni donge dogo la aloi lililotobolewa njia za petroli na hewa, na donge hilo halina umri wa kufa. Vinavyochakaa ndani yake ni vipande vichache vya bei ndogo, kila kimoja na dalili yake. Kinachoitwa uzee huwa ni petroli iliyogeuka gundi, mpira uliokakamaa, au kosa lililo mahali pengine kabisa. Tena wengi wanaotupa msumeno wa kale ili wanunue mpya wanarudi nyumbani na msumeno uleule wa kale, kwa rangi mpya. Hilo nitalifikia.

Kwanza kifaa chenyewe, kwa sababu ubishi wote huu unaishi humo. Kabureta ya pikipiki au ya jenereta ina bakuli na boya. Petroli ikijaa, boya linapanda na sindano inaziba njia. Ikipungua, boya linashuka na njia inafunguka. Mpango huo ni mzuri mradi mashine isimame wima. Lakini mkataji anaulaza msumeno ubavu anapoangusha shina, anaugeuza anapokata tawi kutoka chini, anauinamisha pua ikielekea ardhini. Boya halivumilii hayo. Ndiyo sababu mashine za mwanzo zilikuwa adhabu. Andreas Stihl, aliyeanzisha kampuni yake Stuttgart mwaka 1926, alitoa msumeno wa petroli mwaka 1929, mzigo wa kilo arobaini na kitu uliobebwa na watu wawili. Katika mashine nyingi za enzi hizo, ili kukata kwa kulala, ilibidi sehemu ya mnyororo izungushwe peke yake huku injini ikibaki wima kwa ajili ya boya tu.

Aliyevunja kifungo hicho hakuwa mtengenezaji wa misumeno. Kampuni ya Tillotson, iliyozaliwa Toledo, Ohio, mwaka 1914, ndiyo iliyoifanya kabureta ya dayaframu ienee kwenye misumeno katikati ya karne ya 20. Boya likaondolewa. Mahali pake pakawekwa tando mbili nyembamba. Pistoni inapopanda na kushuka, inabana na kulegeza hewa ndani ya kasha la kranki. Msukumo huo unapitia kitundu kidogo mpaka nyuma ya dayaframu ya kwanza, nayo inatikisika maelfu ya mara kwa dakika na kugeuka pampu. Vilimi viwili vilivyokatwa kwenye mpira huohuo ndivyo vali: kimoja kinaikaribisha petroli, kingine kinaizuia isirudi ilikotoka. Petroli inafika mlangoni, kwenye sindano. Hapo ndipo ilipo dayaframu ya pili, ya kupimia. Mgongo wake unaguswa na hewa ya nje kupitia tundu la kwenye kifuniko. Injini ikivuta, dayaframu inanyonywa, inabonyeza kijiti cha chuma, kijiti kinainua sindano, petroli inapita kidogo kidogo. Injini ikipunguza mvuto, springi inairudisha sindano mahali pake. Humo hakuna juu wala chini, na mkataji anaweza kuugeuza msumeno atakavyo.

Sasa tuulize: kati ya hivyo, nini kinazeeka? Ganda la kabureta halisuguani na kitu isipokuwa vyuma viwili vya vipepeo, cha choki na cha akselereta, na hivyo huchukua miongo kuchakaa. Dayaframu ni mpira au kitambaa chenye mpira. Hiyo kweli hukakamaa. Ncha ya sindano hulika. Kichujio cha waya kilicho mlangoni huziba. Springi huweza kulegea ikiwa fundi ameivuta kwa mikono. Basi. Vipande hivyo vyote vinauzwa kwa pamoja kwenye kifurushi kimoja cha ukarabati, na kwa familia ya HL ya Tillotson, iliyofungwa kwenye idadi kubwa ya misumeno mizito ya miaka ya 1950 hadi 1970, vifurushi hivyo vinatengenezwa hadi leo. Mashine ambayo mpira wake wa ndani unapatikana mpya dukani haijafa. Imekosa huduma.

Mjini Bagamoyo jambo hili lingepaswa kueleweka kuliko mahali pengine popote. Jahazi likianza kuvuja, hakuna nahodha anayetangaza kwamba limekufa. Linavutwa ufukweni, linaegemezwa, mafundi wanalipiga kalafati upya kwa pamba, linapakwa sifa, na linarudi majini. Mbao zikioza zinatolewa zile zilizooza, taruma likivunjika linachongwa jingine kwa tezo. Chombo kinabaki na jina lake. Dayaframu ndiyo pamba ya kabureta, na wanaoitupa kabureta kwa ajili ya dayaframu wangechekwa na baba zao waliojenga mashua.

Fundi anayejua kusikiliza haanzi na kamba. Anauliza maswali. Je, inawaka, inakwenda dakika chache, kisha inazimika kama mtu aliyezibwa pumzi? Hapo fundi analegeza kifuniko cha tangi; ikipata nguvu papo hapo, kosa ni kitundu cha kupumulia kilichozibwa na vumbi la mbao, na kabureta imesingiziwa. Je, inawaka tu ukiimiminia petroli kidogo kwenye koo, kisha inakufa? Hapo petroli haipandi: mpira wa kuletea mafuta umepasuka, au dayaframu ya pampu imekuwa ngumu kama karatasi. Je, inanguruma vizuri polepole lakini ukibana akselereta inasongwa? Aangalie kichujio cha waya na dayaframu ya kupimia. Je, inalowanisha plagi na kutema petroli? Sindano haikai kitini. Pengine punje moja ya uchafu imelala hapo. Na ikiwa kasi inapanda yenyewe, haishuki hata ukiachia, basi aondoe mikono kwenye kabureta kabisa. Hewa inaingia mahali isipopaswa, aghalabu kwenye oil sili za kranki au kwenye gasketi.

Kosa hilo la mwisho ndilo linaloua misumeno mingi, na mwuaji ni bisibisi. Fundi anasikia injini ikipayuka, anaziba hapa na kufungua pale kwenye skrubu mbili za kabureta mpaka kelele itulie. Mwenyewe anaondoka ameridhika. Lakini tundu la hewa bado lipo, mchanganyiko bado ni mkavu, na petroli katika injini ya aina hii ndiyo iliyobeba oili ya kulainisha. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Siku mbili za kazi baadaye pistoni imekwaruzwa, ringi zimekwama, na sasa kweli kuna maiti. Kisha inasemwa: si tulisema ilikuwa nzee?

Niongeze hapa dhambi nyingine ya vibanda vyetu, nayo ni waya. Njia za petroli zikiziba, mtu anachomoa waya wa breki ya baiskeli na kuzitoboa. Matundu hayo yamekatwa kwa kipimo cha sehemu za milimita, ndani ya shaba laini. Waya mmoja wa chuma unatosha kuyapanua, na kuanzia siku hiyo hakuna skrubu itakayorudisha kipimo. Hewa ya kompresa ya mtu wa pancha, baada ya kuloweka kabureta isiyo na mipira ndani yake, inafanya kazi hiyo bila jeraha. Baada ya usafi, skrubu zote mbili zifungwe taratibu mpaka ziguse, bila kukazwa, kisha zifunguliwe kama raundi moja moja. Kutoka hapo ni kazi ya sikio. Msumeno wa kale uliowekwa sawa, ukibanwa akselereta yote bila mzigo, huwa na mlio mzito wa kugugumia. Ukiingia kwenye mti, mlio unatakata. Anayeurekebisha mpaka ulie kwa ukali ukiwa hewani anautafutia kaburi.

Halafu kuna mafuta. Pwani yetu ni ya joto, na petroli iliyoachwa ndani ya tangi dogo hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utando wa kahawia unaonata. Huko Marekani na Ulaya wakusanyaji wa mashine hizi huilaumu ethanoli inayochanganywa kwenye petroli yao. Sisi tulikuwa na balaa letu, mafuta ya taa. Uchakachuaji ulifikia hatua kwamba mwaka 2010 EWURA, mdhibiti wa mafuta, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili yasiwe tena kishawishi. Kabureta ngapi za miaka ile zilihukumiwa kwa kosa la kituo cha mafuta? Na hata petroli ikiwa safi, kuna anayetia oili ya injini ya gari badala ya oili ya 2T, au anayekadiria kwa jicho. Vitabu vya misumeno mingi ya kale viliagiza sehemu 1 ya oili kwa 25 za petroli; oili nzuri za siku hizi huruhusu 1 kwa 50. Kwa lita 5 za petroli hiyo ni mililita 200 au 100. Chupa ya dawa ya kikohozi yenye alama inatosha kuwa kipimo.

Sitaki kuilaumu kabureta wala kuitetea kupita kiasi. Misumeno ya zamani hutumia platini na kondensa, vilivyofichwa nyuma ya gurudumu la sumaku. Unyevu wa bahari unaziwekea platini utando usioonekana, cheche inatoweka, na mtu anavuta kamba hadi bega linamuuma huku akiilaani kabureta. Kuzisafisha kwa kipande cha karatasi ngumu na kurudisha nafasi yake, milimita 0.3 hadi 0.4, ni kazi ya muda mfupi kwa aliye na kipimo.

Kama kuna kitu ambacho pwani hii inakiua kweli, si kabureta. Ni kasha. Watengenezaji walitafuta wepesi, hivyo wakamimina makasha ya misumeno kwa aloi ya magnesi. Magnesi na chumvi havipatani hata kidogo. Msumeno uliowekwa kwenye banda lililo karibu na maji unaota unga mweupe, unga unakula kingo za kasha, na pale bolti ya chuma inapogusana na magnesi ulaji unakwenda mbio zaidi, mpaka uzi wa bolti unang'oka kama mkate. Mafundi wa mashine za boti sokoni wanalijua hili vizuri: baada ya safari, mashine inasukutuliwa kwa maji baridi. Mtu mwenye chenso Bagamoyo naye aifute kwa kitambaa cha maji baridi, aikaushe, aipake oili, aiweke mbali na upepo wa bahari. Anayetaka kununua msumeno wa kale aache kutazama kabureta. Atazame chini ya tangi na kuzunguka bolti. Kasha lililolika ndilo sababu halali ya kuuachia mizani.

Nimefika kwenye hoja ya spea na bei, ambayo wapinzani wangu huiona kuwa mwamba. Wanasema: hata kama inatengenezeka, spea ziko wapi, na mpya si bei nafuu tu siku hizi? Chukua Stihl 070. Uliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1960, injini ya sentimita za ujazo takriban 106, nguvu za farasi sita na nusu, nao ukawa msumeno wa wapasua mbao katika nchi za tropiki, kuanzia Afrika Magharibi hadi kwetu. Kampuni iliendelea kuuza mashine hiyo katika nchi za joto kwa miongo, wakati Ulaya ilikwisha kuiacha. Sasa tazama misumeno mizito ya bei nafuu iliyojaa madukani. Ni nakala ya Kichina ya 070, bolti kwa bolti. Anayeuza 070 yake ya asili kwa kilo, kisha akanunua hiyo, amenunua mchoro uleule wa miaka ya 1960. Tofauti ni kwamba ya kwanza ilikuwa imekwisha kuthibitisha chuma chake, na ya pili ndiyo kwanza inaanza kujaribiwa begani mwake.

Biashara ya nakala hizo imeleta jambo ambalo waliozitengeneza hawakulikusudia: spea za mashine ya kale zimejaa. Dayaframu, gasketi, oil sili, pistoni, mpira wa petroli, hata kabureta nzima, vyote vinapatikana kwa sababu nakala inavihitaji. Ubora wake unapishana. Pistoni ya nakala mimi nisingeifunga kwenye silinda nzuri ya asili, lakini oil sili na beringi zina vipimo vya kawaida na zinapatikana za kampuni za kuaminika kwa wauzaji wa beringi Dar es Salaam. Kwa hiyo hoja ya spea ilikuwa na uzito miaka thelathini iliyopita. Leo inajipinga yenyewe. Hoja hiyo ingali na nguvu kwa misumeno adimu, McCulloch ya zamani kwa mfano, au Husqvarna za mwanzo zilizotoka baada ya kampuni hiyo kuingia kwenye misumeno mwaka 1959. Kwa hizo, ndiyo, utasubiri kifurushi kutoka ng'ambo.

Lakini wapo upande wa pili ambao nao siwaungi mkono. Ni wale wa "vyuma vya zamani ndivyo vyuma", wanaoamini kwamba kila kilichotengenezwa kabla hawajazaliwa ni bora. Si kweli, na kwenye msumeno uongo huo hukata watu. 070 ya asili haina breki ya mnyororo wala springi za kuzuia mtikisiko. Breki ya mnyororo ilianza kuwa kitu cha kawaida kwenye misumeno mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo huusimamisha mnyororo pale ncha ya upanga unaobeba mnyororo inapogonga kitu na mashine kurukia uso wa mkataji. Mtikisiko nao, kwa miaka ya kazi, huharibu mishipa ya damu na neva za vidole mpaka vinakuwa vyeupe na kufa ganzi. Kijana anayeanza kazi apewe msumeno wenye breki. Wa kale uende kwa mzoefu, chini, gogo likiwa limelala, au ukae mezani uwashwe siku moja moja ili oil sili zisikauke. Kukarabati mashine hakumlazimishi mtu kuitumia kwa kazi zote ilizofanya zamani.

Mazito zaidi ni mashtaka ya misitu. Rafiki zangu wa mazingira huniuliza kwa upole wenye sumu: katika pwani iliyopoteza misitu yake, unafufua chenso za nini? Swali ni la haki. Misitu ya pwani ni mabaki madogo, na mmoja wa iliyobaki, Zaraninge, uko sasa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Ila tufuate ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 2005 mawimbi ya uharibifu wa misitu yalisambaa kutoka Dar es Salaam hadi umbali wa kilomita 120. Mbao za thamani ndizo zilitangulia kukatwa, mkaa ukafuata nyuma. Kinachoyasukuma mawimbi hayo ni jiko la mjini na pato la mjini. Benki ya Dunia mwaka 2009 ilikadiria kwamba nchi inatumia kama tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake ni ya Dar es Salaam. Na tanuri la mkaa huko Kiwangwa au Mkange halihitaji chenso. Kwa kawaida ni shoka, panga na kijana asiye na kazi nyingine. Kuziuza chenso zote za kale kama vyuma chakavu hakutaokoa mti mmoja, maana mwenye nia na mkongo wa mwisho atanunua nakala mpya mchana uleule.

Wala msumeno hauna kazi ya msituni tu. Tembea nje ya mji uone minazi iliyokufa ikibaki nguzo tupu bila makuti, kazi ya ule ugonjwa wa kunyong'onyea unaoisumbua pwani yetu. Shina la mnazi ni gumu kwenye ganda la nje na lina mchanga wa silika unaofanya mnyororo kuwa butu haraka. Mashine ndogo ya bustani inalia machozi hapo, wakati injini kubwa ya polepole ya kale inapita. Miembe inayoangukia mapaa wakati wa masika nayo inahitaji mtu wa kuiondoa. Kinachotofautisha kazi hizo na ujangili wa mbao ni kibali na hati ya kusafirishia, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mti hauangalii msumeno umetengenezwa mwaka gani. Kama ni ukali, tuuelekeze kwenye lori linalopita usiku bila hati. Nakubali hata kasoro moja ambayo wapinzani huisahau: mnyororo unakula njia pana ndani ya gogo, karibu sentimita moja, wakati msumeno wa mikono wa kupasulia hula sehemu ndogo ya hiyo. Kupasua mbao za mninga kwa chenso ni kugeuza mali kuwa vumbi. Kwa kazi hiyo msumeno wa watu wawili bado unaishinda mashine.

Limebaki neno la dharau kuliko yote, kwamba kukusanya mashine za kale ni mchezo wa Wazungu waliokosa kazi. Neno hili linanishangaza likitoka Bagamoyo. Mji huu unaishi kwa vya kale. Tunalipisha kiingilio kwenye magofu ya Kaole, tunawaonyesha wageni Caravanserai na Boma la Wajerumani, na tangu mwaka 2006 njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu, inayoishia hapa kwetu, imo kwenye orodha ya matarajio ya UNESCO. Pale Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, mgeni hapelekwi kwenye makumbusho tu. Anaonyeshwa pia mbuyu uliomeza kipande cha mnyororo, ambao yasimuliwa bibi mmoja aitwaye Chevalier alimfungia punda wake. Mnyororo wa punda una msimulizi. Mashine zilizopasua mbao za mapaa na mabenchi ya shule zetu katika miaka ya mwanzo ya uhuru hazina hata meza ya kuwekwa. Watoto wa mji huu watajua habari za wapagazi wa karne ya 19 kuliko habari za babu zao waliovuta kamba ya chenso.

Na simulizi zipo. Joseph Buford Cox, mkataji miti wa Oregon, mwaka 1946 alikaa akimtazama funza akitafuna gogo, kushoto kulia, kwa taya zilizopinda; mnyororo alioubuni kwa kumwiga ndio asili ya karibu kila mnyororo unaouzwa leo. Robert McCulloch, ambaye misumeno yake ilienea Marekani yote, alinunua Daraja la London mwaka 1968 na kulihamishia jiwe kwa jiwe kwenye jangwa la Arizona. Mfanyabiashara wa chenso aliona daraja kuukuu lina thamani, nasi chenso kuukuu tunaipima kwa kilo.

Faida kubwa kuliko makumbusho, hata hivyo, ni ufundi. Msumeno wa miaka ya 1960 ni darasa lililo wazi: platini unaziona, dayaframu unaishika, mkondo wa petroli unaufuata kwa kidole. Kijana aliyeufungua na kuufunga mpaka ukawaka ameelewa mashine ya boti ya mipigo miwili, pampu ya kunyunyizia mikorosho na mashine ya kufyekea nyasi, kwa sababu zote ni ndugu. Vyuo vya ufundi vya VETA vinanunua injini mpya kwa ajili ya mafunzo. Visikatae kupokea hizi zinazooza uvunguni mwa vitanda vya watu. Makumbusho ya mjini nayo yatenge kona moja kwa zana za kazi za karne ya 20, kabla mizani haijamaliza zilizobaki.

Nawe uliye na chenso ya zamani, usiiuze leo. Chomoa plagi, tazama kama ina cheche. Mwaga petroli ya mwaka juzi, legeza kifuniko cha tangi, vuta mpira wa mafuta uone kama umepasuka. Kisha mpelekee fundi, na akikwambia kabureta imekufa, mwombe aifungue mbele yako na akuonyeshe dayaframu. Asiyekuonyesha, mnyang'anye mashine yako umtafute mwingine.